Nyimbo za Muongo Wako Usizitafute Kwenye Simu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Korogwe, binti ambaye baada ya kuniamkia kwa adabu aliniomba nimtumie orodha ya nyimbo za miaka ya 2000 hadi 2009, kwa kuwa wazazi wake wanatimiza miaka 25 ya ndoa na ndugu wamemkabidhi yeye suala la muziki. Alikuwa amesikia kwa shangazi yake kwamba mimi ndiye niliyepanga nyimbo katika sherehe ya kumuaga matroni wetu hapa Tanga, na kwamba wageni waliokuwa wameganda kwenye viti walisimama wote kwa mara moja. Habari hizo ni za kweli, na sioni sababu ya kujifanya sikuhusika. Walisimama madaktari, walisimama wahudumu wa usafi, alisimama hata mhasibu, mtu ambaye katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akitikisa kichwa isipokuwa kwa kukataa kusaini.

Orodha sikumtumia. Nilimwambia asubiri makala hii, kwa sababu najua si yeye peke yake anayeitaka. Kila anayesoma hapa, naamini, anatamani siku moja asimame mbele ya watu wake awapigie nyimbo zitakazowafanya waseme, huyu tulikuwa naye. Jambo hilo halipatikani kwa kuazima orodha ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mimi.

Kamati ya sherehe ilikuwa na vijana wawili wa maabara, wachapakazi na wenye heshima, ambao walikuja na simu zilizojaa nyimbo zilizopangwa kwa namba kulingana na wingi wa watazamaji mtandaoni. Hakuna aliyeweza kuzikosoa. Zilikuwa nyimbo nzuri, nyingine ninazipenda hata mimi, na zilipopigwa saa ya kwanza ya sherehe wageni walikula pilau yao kwa utulivu kamili huku wakizungumzia mikopo ya SACCOS na bei ya viwanja vya Pongwe. Matroni mwenyewe alikuwa anaangalia saa. Ndipo mwenyekiti wa kamati alipoikumbuka kaunta buku yangu na kuja kuninong'oneza nisaidie.

Kaunta buku hiyo niliianza nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, kwa sababu zamu ya usiku inahitaji kitu cha kukufanya usisinzie wakati wagonjwa wametulia, na mimi kufuma vitambaa sijui. Niliandika jina la wimbo, nani aliyekuwa akiupiga na mahali nilipousikia. Kama niliupenda au sikuupenda sikuandika, na hilo ndilo lililonisaidia baadaye, maana mapenzi ya wakati ule nimeshayasahau, lakini dirisha la chumba cha mbele na daladala ya asubuhi nayaona mpaka leo nikifungua ukurasa. Kwa hiyo nilimpa kijana wa muziki majina, moja baada ya jingine, nikamwambia aanze na upi na asiruke upi. Yaliyofuata yameshafika Korogwe. MC alipewa bahasha kwa kazi nzuri ya kuchangamsha ukumbi, nami nikaletewa soda ya pili. Sikusema kitu siku ile, na leo ninasema kwa sababu tu ushauri hauwezi kueleweka bila habari yake.

Ukweli ni kwamba katika muongo ule wengi wetu hatukuchagua tulichosikiliza. Tulikuwa tumepanga Makorora, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana na korido katikati, na redio yenye sauti ya kueleweka ilikuwa moja tu, ya mpangaji wa chumba cha mbele, fundi baiskeli, ambaye aliiweka dirishani si kwa kutukera bali kwa kuamini kwamba ni wajibu wake kwa majirani. Alichosikia yeye tulisikia sote. Jioni akifungulia Sauti ya Tanzania Zanzibar tulikaanga samaki kwa taarabu. Usiku akihamia redio za Dar es Salaam, ambazo tangu Radio One ilipoanza mwaka 1994 zilikuwa zikiongezeka, watoto walilala kwa muziki wa kizazi kipya wakijua mashairi ambayo mama zao hawakuyapenda. Kaseti zake zilikuwa kwenye boksi la viatu chini ya meza. Alipendelea zile za dakika 60 kuliko za 90, akisema utepe wa zile ndefu ni mwembamba na redio huula upesi, na alikuwa sahihi. Kaseti ya dukani ambayo haikutakiwa kurekodiwa tena aliiziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi, kisha akarekodi juu yake nyimbo kutoka redioni, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, akimwomba Mungu mtangazaji asiongee. Mtangazaji aliongea. Mpaka leo kuna nyimbo ambazo siwezi kuzisikia bila kungojea sauti ya mwanamume akitaja saa katikati ya ubeti wa pili, na zikipigwa safi, bila saa kutajwa, naona kama zimekatwa kipande.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia kwa sababu watu huupuuza, ni huu: andika nyimbo ulizolazimika kuzisikia. Ulizojichagulia utazikumbuka bila msaada wa daftari.

Wimbo wa kwanza katika kaunta buku yangu kwa muongo ule ni ambao ningepewa madaraka ningeupiga marufuku nchi nzima. Wagosi wa Kaya, vijana wawili wa hapa hapa Tanga, Mkoloni na Dr. John, walitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo walioupa jina la "Wauguzi", wakilalamikia lugha na mapuuza ambayo mgonjwa hukutana nayo hospitalini. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa. Sare yangu nyeupe nilikuwa nikiifua na kuinyoosha kila siku, na nilikuwa najivunia kupita nayo mtaani, kwa maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa sare ya kazi isipokuwa marehemu babu aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge. Kisha wimbo ukatoka. Konda wa daladala yetu ya asubuhi, akiniona tu nimesimama kituoni, alikuwa anamwambia dereva arudishe kaseti mwanzo. Wasichana wa sekondari walicheka wakajifunika midomo kwa madaftari. Siku moja mama mtu mzima aliyepakata kapu la dagaa alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe umo, mwanangu?" Sikumjibu. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu nikamalizia kwa miguu.

Sitaficha kwamba lile jambo liliniuma na bado linaniuma. Wale vijana hawakuwahi kukaa usiku mmoja katika wodi ambayo wagonjwa wamelala wawili wawili kitandani na wengine chini, muuguzi ni mmoja, glovu zimekwisha tangu mchana, na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho anataka kujua kwa nini hujafika kwake. Nilitamani mmoja wao augue kidogo tu, ugonjwa usiodhuru, aje alazwe kwenye zamu yangu aone. Lakini yapo waliyoyaimba ambayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Nilikuwa nimemsikia mwenzangu akimwambia mama mwenye uchungu wa uzazi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikipanga pamba. Tangu wimbo ule ulipotoka, kila nilipofungua mdomo kumjibu mgonjwa niliusikia kwanza kichwani, na si kwa sababu ya wema wangu. Nilikuwa nikimwogopa konda.

Basi niliponong'onezwa na mwenyekiti wa kamati, huo ndio niliouagiza wa kwanza. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa: wimbo wa kuwasema wauguzi, kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wa wauguzi, mbele ya mganga mkuu! Nikamwambia auweke, lawama zitakuwa zangu. Ala zilipoanza tu matroni, ambaye miaka ile alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi na alizomewa mitaani kuliko sisi sote, alisukuma kiti nyuma akasimama na leso juu. Meza yake ikamfuata, kisha meza ya wastaafu, kisha ukumbi mzima, na wote walikuwa wanaimba. Wimbo waliouchukia miaka ishirini na zaidi waliujua neno kwa neno, pamoja na vituo vyake. Kijana wa maabara aliniuliza kama ulikuwa wimbo wa chama chetu.

Nyinyi mnaotaka kupanga muziki wa watu, zingatieni hilo. Msiulize wimbo gani ulipendwa. Ulizeni wimbo gani ulikuwa ukipigwa wakati wanatukanwa, wanapofukuzwa chumba, wanapongojea matokeo ya mtihani, kwa sababu huo ndio walioushika.

Wagosi hao hao walikuwa na "Tanga Kunani", wimbo wa kuuliza mji wetu umepatwa na nini, na baba yangu, ambaye kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa zamani, aliupenda kuliko kaswida. Alikuwa akiusikia unapita barabarani anasema, "Vijana wanauliza vizuri, wa kuwajibu hayupo." Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema juu ya muziki.

"Ndio Mzee" wa Professor Jay nao uko kwenye ukurasa wa mwanzo. Ni wimbo wa mgombea anayeahidi yasiyowezekana mbele ya wananchi wanaomwitikia kila ahadi, na katika nyumba yetu ulipata kazi mahususi. Mwenye nyumba alipokuja kukusanya kodi na kuahidi, kama alivyoahidi mwaka uliotangulia, kwamba choo kitakarabatiwa, watoto wa korido nzima walimwitikia kwa jina la wimbo huo, kwa sauti moja, na yeye akaondoka bila kuhesabu fedha. Ninapousikia sasa kuna utamu mwingine umeongezeka, kwa kuwa Professor Jay mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na mwaka 2020 Mwana FA, ambaye tulimsikia akichipukia katika muongo ule ule, akachaguliwa kuwa mbunge wa Muheza. Simsemi mtu. Ninasema tu kwamba wimbo ukiutunza muda mrefu huweza kukuchekesha mara mbili kwa sababu mbili tofauti, na hiyo ni faida ya kuandika mapema.

Mr. Nice sitamweleza sana, kwa kuwa kila aliyekuwa na mtoto mdogo miaka ile anajua. Mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea akifuata "Kuku Kapanda Baiskeli", na katika mji huu ambao kila nyumba ina baiskeli ukutani, yeye aliuchukulia wimbo ule kuwa ni taarifa ya habari na akawa anamtafuta kuku.

Sasa nifike kwenye wimbo ambao kwenye sherehe sikuupiga, lakini ambao ukiniondolea katika orodha ya muongo ule, orodha yote haina maana kwangu.

Msomaji mwenye umri wa miaka 20 leo anaweza asielewe hali ilivyokuwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulionyesha kuwa asilimia 7 ya Watanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na mpango wa serikali wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza mwaka 2004. Kabla ya dawa hizo kutufikia, wodi ya magonjwa ya ndani ilikuwa mahali ambapo tuliwageuza watu wasipate vidonda, tukawanywesha uji, tukawafunika, na tukazungumza kwa kunong'ona. Kila kitu kilinong'onwa. Ndugu walikuambia mgonjwa wao ana kifua. Daktari aliandika kwa vifupisho. Hata msibani ilisemwa kwamba marehemu aliumwa kwa muda mrefu, na wasikilizaji wote wakainamisha vichwa kwa pamoja.

Muziki haukunong'ona. Mwana FA alikuwa ameshaimba "Alikufa kwa Ngoma", na mwaka 2004 Ferooz akatoa "Starehe" akiwa na Professor Jay, masimulizi ya kijana aliyeathirika anayeeleza alivyofikia hapo. Ulipigwa kila mahali mpaka watu wakauchoka, na wodini kwetu hakuna aliyetaka kuusikia. Ulipoanza redioni ndugu waliokuja na chakula walikimbilia kuuzima kabla mgonjwa hajaelewa unahusu nini, kana kwamba mgonjwa ndiye pekee asiyejua.

Kulikuwa na kijana mmoja kitanda cha karibu na mlango, mwenye redio ndogo ya betri aliyoiweka juu ya mto. Usiku mmoja wimbo ule ulianza, na mzee wa kitanda cha pili akaniita niuzime kwa kuwa unawatia watu simanzi. Nilikwenda. Niliponyoosha mikono kuichukua ile redio, kijana aliweka kiganja juu yake, akaniambia, "Sista, acha. Huyu anasema. Nyinyi mnanong'ona." Niliuacha mpaka ukaisha, na yule mzee naye aliusikiliza, na wodi nzima, watu ambao kwa wiki kadhaa walikuwa wamelala pamoja wakificha kitu kimoja, walisikiliza kimya. Asubuhi yake ndipo kwa mara ya kwanza mgonjwa aliniuliza jambo lenyewe kwa jina lake. Dawa zilipoanza kutolewa kwetu, yule kijana wa redio alikuwa ameshazikwa kwao Muheza.

Baadaye nilipangiwa kliniki ya tiba na matunzo, na huko "Starehe" uligeuka kifaa changu cha kazi. Mgonjwa mpya akiingia, akiwa amekaa kwenye ncha ya kiti na macho yako kwenye mlango, nilikuwa ninamuuliza kama anaufahamu wimbo ule. Wote waliufahamu. Tukaanza kumzungumzia kijana wa kwenye wimbo: alikosea wapi, alimficha nani, kama dawa zingekuwepo angefanyaje, mkewe angeambiwa na nani. Tukimaliza habari za huyo wa kwenye wimbo, mgonjwa mwenyewe huwa ameshavuta kiti karibu na meza. Hakuna mafunzo yoyote niliyopewa ambayo yalinifundisha njia hiyo, na wakubwa waliokuja kukagua waliisifu wakaiandika katika ripoti yao kama ubunifu wa kituo, bila kutaja jina la mtu.

Ninasimulia haya kwa urefu kwa sababu wengi mkiambiwa "nyimbo za muongo" mnafikiria nyimbo za kuchezea. Zipo hizo. Lakini orodha ya sherehe na orodha ya maisha ni vitu viwili, na kwenye kaunta buku yangu nimezitenganisha kwa kalamu nyekundu: zenye alama zinapigwa ukumbini, zisizo na alama zinabaki nyumbani. Mtu asiyetenganisha atawaliza watu wakati wa keki.

Kuna wanaoniuliza juu ya mipaka ya muongo, na hapa huwa nabishana mpaka jasho linitoke. Kijana mmoja wa kamati aliniambia Bi Shakila hawezi kuwamo katika orodha ya miaka ya 2000 kwa kuwa nyimbo zilizompa jina ni za zamani sana. Ni za zamani, nakubali. Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aling'ara na vikundi vya taarabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, kabla hata mimi sijazaliwa au nikiwa mchanga. Lakini "Macho Yanacheka" niliusikia mimi kutoka dirisha la fundi baiskeli katika muongo wangu, wiki ambayo mkewe alirudi kwao Lushoto na yeye akawa anatengeneza tairi za watu barazani akiwachekea wateja kama kawaida. Aliurudia rudia mpaka utepe ukaanza kuyumba. Huo wimbo ni wa mwaka 2007 kwangu, na sitasahihishwa na mtu yeyote mwenye simu. Vivyo hivyo "Sina Makosa" wa Les Wanyika, ambao ni wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ulirekodiwa Nairobi na wanamuziki wengi wao wakiwa watu wa huku kwetu waliovuka mpaka kutafuta riziki; mimi ninaujua kama wimbo wa mjomba wangu aliyeupiga kila alipochelewa kurudi nyumbani, akitanguliza utetezi kabla ya mashtaka.

Mwaka wa wimbo, kwa hiyo, ni mwaka ulipokukuta, haijalishi ulirekodiwa lini. Andikeni hivyo. Wataalamu wa tarehe wana orodha zao.

Orodha yangu ya mwaka 2006 ni fupi kuliko zote, kwa sababu ukame ulileta mgao wa umeme uliotuacha gizani sehemu kubwa ya siku, betri zikapanda bei, na fundi akawa anafungulia redio kwa taarifa ya habari na wimbo mmoja tu baada yake. Nyingi za nyimbo hizo ziliangukia kwa Matonya, kijana mwingine wa Tanga. "Vaileti" wake ninaukumbuka ukikatizwa katikati fundi alipoona betri zinaishiwa nguvu, na nusu yake ya pili niliisikia kwa utulivu miaka mingi baadaye, nikiwa saluni Ngamiani, nikashangaa kumbe bado alikuwa na ya kusema.

Nimeona vijana wangu wa kazini siku hizi. Kila mmoja ana visikizio masikioni. Wanakaa benchi moja kungojea gari la wafanyakazi, wanne, na kila mmoja yuko na muziki wake aliojichagulia, ambao wenzake hawausikii. Siwalaumu kwa kupenda utulivu. Ninachowauliza ni watakumbuka nini pamoja. Mwenzako akistaafu miaka thelathini ijayo, utapiga wimbo gani naye asimame, ikiwa hujawahi kusikia alichokuwa akisikia? Toeni visikizio hivyo angalau mkiwa ndani ya daladala, hata kama dereva ana ladha mbaya. Dereva wangu alikuwa na ladha mbaya na konda wake alikuwa na roho mbaya zaidi, na ndio walionipa wimbo uliosimamisha ukumbi. Sikilizeni redio ya jirani. Nimesema mwanzo na ninarudia: sikilizeni redio ya jirani, kisha andikeni.

Kwa yule binti wa Korogwe, la kufanya ni moja. Usimuulize mama yako alipenda nyimbo gani, kwa sababu atakutajia za heshima, na baba yako atakutajia za dini. Tafuta waliopanga nao nyumba moja mwaka walipooana, hasa yule waliyetenganishwa naye na ukuta tu, umuulize redio yao ilikuwa inapiga nini wakati wanagombana. Akicheka kabla ya kujibu, andika jina la wimbo huo juu kabisa.

Mimi nimeshaombwa kupanga nyimbo za 2010 hadi 2019 kwa ajili ya kuagwa kwa mwenzetu mwingine, na safari hii nimesema wazi kwamba bahasha ije kwangu. Kaunta buku yangu ya muongo huo ina pengo la miaka niliyokuwa masomoni mbali na Tanga. Wenye kumbukumbu ya kilichokuwa kikipigwa kwenye daladala za Raskazone na Pongwe, na kwenye ngoma za baikoko za Makorora wakati huo, naombeni mniandikie jina la wimbo, nani aliyekuwa akiupiga, na mlikuwa mnakwenda wapi.